Ganzi ya Uso Haiumi, Ndiyo Sababu Tunachelewa

Mtu wa Kasongo au wa Kabambare akiumwa jino, hakuna haja ya kumwonyesha njia ya hospitali. Ataondoka alfajiri, atavuka mto kwa mtumbwi, maana maumivu yanamsukuma mgongoni. Lakini yule ambaye shavu lake limekufa ganzi, au ambaye midomo yake inamsisimka kama sisimizi wanatembea juu yake, huyo hukaa nyumbani. Anakula ugali na sombe yake, anakwenda shambani, na akiulizwa hujibu, "Haiumi." Mimi naona neno hilo "haiumi" ni adui mkubwa kuliko maumivu yenyewe.

Si kila ganzi ya uso ni jambo la kuogopesha. Mtu akishikwa na hofu kuu, au akilia sana katika msiba, hupumua mbio mbio bila kujua. Kwa kupumua hivyo damu yake hubadilika kidogo, na midomo pamoja na vidole vya mikono yote miwili huanza kuchomachoma kama sindano. Mketisheni, mwambieni apumue polepole, na itapita. Vile vile anayechomwa sindano ili ang'olewe jino hukaa na mdomo mzito saa chache. Watu wa pwani ya bahari nao wanamjua samaki aitwaye bunju, ambaye sumu yake huanza kwa kufisha midomo ganzi, kisha huweza kuzuia pumzi kabisa. Sisi wa Maniema tuko mbali na bahari, basi tusipoteze maneno mengi kwa bunju.

Tena iko ganzi isiyongoja hata saa moja. Ikishika upande mmoja wa uso kwa ghafula, na mkono wa upande mmoja ukalegea, au mtu akashindwa kutamka maneno, hicho ni kiharusi. Usimpe chakula wala maji, maana yaweza kumpalia. Mleteni hospitali mara moja, hata kama njiani ataonekana amepona.

Lakini ninayotaka kusema hasa ni juu ya ganzi inayokuja polepole, mwezi kwa mwezi, pamoja na baka juu ya ngozi. Baka hilo huwa jeupe kidogo kuliko ngozi nyingine, au jekundu. Haliwashi, haliumi. Jirani anasema, "Umelishwa sumu." Mwingine anamtaja shangazi au mke mwenza. Mgonjwa anakwenda kwa mfumu, anachanjwa chale palepale juu ya baka. Na kwa sababu ngozi ile haisikii, hata wembe hausikii, naye anarudi akiusifu mkono mwepesi wa mfumu! Kumbe wembe usiouma ndio ungalimwambia habari yote. Huu ni ukoma.

Najua wengi wataogopa nikiandika jina hilo. Ndugu wengine kanisani watafungua Mambo ya Walawi sura ya 13. Vema, lakini wasome mpaka mwisho, na sura ya 14 pia: pale ukoma unaonekana hata katika nguo na katika kuta za nyumba. Ni wazi kwamba neno lile linakusanya mambo mengi, wala si ugonjwa huu peke yake. Ugonjwa wetu unaletwa na kijidudu ambacho Hansen, mganga wa Norway, alikiona mwaka 1873. Hakitumwi na mchawi. Kinakua polepole sana, mara nyingi miaka 5 hupita kabla ya baka la kwanza, na pengine miaka 20. Kwa hiyo yule shangazi aliyegombana nawe juzi hana kosa. Nacho kinapenda kukaa katika ngozi na mishipa ya fahamu, ile inayotupasha habari ya moto, ya mwiba na ya kuguswa. Paul Brand, mganga aliyefanya kazi Vellore, India, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa haviozi vyenyewe: vinaharibika kwa majeraha ambayo mtu hakuyasikia.

Mnaweza kupima nyumbani. Mgonjwa afumbe macho, mguse kidogo kwa unyoya wa kuku, naye aonyeshe kwa kidole mahali alipoguswa. Akikosa juu ya baka, mleteni. Lakini uso una mishipa ya fahamu mingi, na baka la shavuni laweza kusikia bado ingawa ni ukoma. Basi baka la uso lisilopona lionwe hospitalini hata kama linasikia unyoya.

Dawa ziko, za aina 3 pamoja, nazo hutolewa bure. Wenye mabaka machache hunywa miezi 6, wenye mengi miezi 12. Mkojo utakuwa mwekundu na ngozi yaweza kuwa nyeusi zaidi; msiache dawa kwa sababu hiyo. Muda mfupi tu baada ya kuanza, mgonjwa haambukizi tena. Hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo: kumtengea mtu huyo benchi lake kanisani na kikombe chake si afya, ni woga. Afadhali nguvu hizo tuzitumie kuwaleta watu wa nyumba yake wapimwe ngozi. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba waliokaa naye wapewe dawa mara moja ili kuwakinga. Kongo bado inapata wagonjwa wapya kwa maelfu kila mwaka, na kati yao wamo watoto.

Lakini dawa huua kijidudu, haifufui mshipa uliokufa zamani. Mshipa uliolegea kwa muda usiopita miezi 6 unaweza kuokolewa kwa dawa nyingine. Baada ya hapo ni vigumu. Na katika uso hasara kubwa ni jicho. Kope hazifungi, mboni haisikii vumbi wala mdudu, kidonda kinatoka bila maumivu, na mtu anapofuka huku akisema haiumi.

Leo jioni, kama kwenu yuko mwenye baka au ganzi usoni, mwambieni afumbe macho taratibu kama aliyelala. Mweupe wa jicho ukionekana, aje hospitali kesho, na usiku huu alale amefunikwa jicho hilo kwa kitambaa safi.