Tahariri: Wanaotengeneza programu wana mashaka, sisi tunaamini haraka kwa nini?

Kila juma habari mpya ya teknolojia inaingia katika telefone zetu. Kampuni fulani ya Marekani imevumbua mashine inayofikiri. Nyingine inasema kazi ya kuandika programu za ordinatere iko karibu kwisha. Habari hizo zinafika Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira siku ileile zinapotoka California, na sisi waandishi wa habari mara nyingi tunazitafsiri na kuzitoa jinsi zilivyo.

Lakini kuna kundi moja ambalo haliziamini upesi: wale wanaofanya kazi hiyo wenyewe. Watengenezaji wa programu, ambao hapa kwetu tunawaita watu wa informatike, wakisoma tangazo kubwa la kampuni wanaanza kwa kuuliza maswali. Wengine wanasema huo ni wivu, ama woga wa kupoteza kazi. Sisi tunaona kwamba mashaka yao yanatoka katika ujuzi wa kazi, na kwamba watu wa mashariki mwa Congo wana faida kubwa ya kuyasikiliza.

Tuchukue mfano. Mwezi wa Machi 2024, kampuni ya Marekani inayoitwa Cognition ilitangaza Devin, ikimwita mhandisi wa kwanza wa programu ambaye ni akili bandia. Video zilizunguka dunia nzima. Katika video moja, Devin alionyeshwa akifanya kazi iliyowekwa na mteja kwenye Upwork, soko la kazi za intaneti. Waliotazama walielewa kwamba mashine sasa inaweza kuchukua kazi na kulipwa kama mtu.

Majuma machache baadaye, mtengenezaji mmoja wa programu mwenye uzoefu wa miaka mingi aliifuata video hiyo hatua kwa hatua. Alionyesha kwamba kazi iliyofanyika haikuwa ile mteja aliyoiomba. Alionyesha pia kwamba baadhi ya makosa ambayo Devin alionekana kuyarekebisha, ni Devin mwenyewe aliyeyaleta. Kwa kufanya hivyo hakuhitaji siri yoyote ya kampuni. Alisoma ombi la mteja, kisha akalilinganisha na matokeo.

Kampuni yenyewe ilikuwa imeandika kwamba katika mtihani unaoitwa SWE-bench, ambao unatumia matatizo ya kweli ya programu, Devin alitatua asilimia 13.86. Kwa wakati ule hayo yalikuwa matokeo mazuri kupita ya mashine zingine. Lakini fundi wa motokari ambaye katika motokari 100 anatengeneza 14 tu, nani angemuachia funguo na kwenda kulala?

Kwa nini watu wa informatike wanaona mapema yale ambayo wengine hawayaoni? Ni kwa sababu wanajua kwamba kuandika programu ni mwanzo tu wa kazi. Baada ya hapo kuna mteja anayebadilisha mawazo, kosa linalotokea saa nane za usiku, pesa iliyotumwa kwa telefone lakini haikufika. Mwenye kuitwa siku mambo yanapoharibika hawezi kudanganywa kwa video ya dakika mbili.

Tena, mashaka hayo hayamaanishi kukataa vifaa vipya. Uchunguzi wa kila mwaka wa Stack Overflow, uliofanywa mwaka 2025 na kujibiwa na watengenezaji wa programu zaidi ya 49,000, ulionyesha kwamba asilimia 84 wanatumia vifaa vya akili bandia katika kazi yao ama wanapanga kuvitumia. Katika uchunguzi huohuo, asilimia 46 walisema hawaamini usahihi wa majibu ya vifaa hivyo, na asilimia 33 tu ndio walisema wanauamini. Lalamiko lao kubwa lilikuwa kwamba majibu yanakaribia kuwa sawa, lakini hayako sawa kabisa. Wanatumia, kisha wanakagua.

Na wana sababu ya kukagua hata hisia zao wenyewe. Mwezi wa Julai 2025, kikundi cha watafiti cha METR kilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa na watengenezaji wa programu 16 wenye uzoefu, katika kazi 246. Kabla ya kuanza, walidhani kwamba akili bandia itapunguza muda wao wa kazi kwa asilimia 24. Walipomaliza, waliamini kwamba iliupunguza kwa asilimia 20. Saa ilisema jambo lingine: walitumia muda zaidi kwa asilimia 19. Ni watu wachache, na watafiti wenyewe walionya kwamba matokeo hayo hayawezi kuchukuliwa kuwa ya kazi zote na ya vifaa vyote. Hata hivyo somo linabaki. Kama fundi mwenyewe anaweza kujidanganya kuhusu kasi yake, sisi tunaosoma tangazo tu tunajua nini?

Jambo lingine ni kutazama anayesema anauza nini. Mwezi wa Februari 2024, akiwa Dubai, Jensen Huang alisema lengo ni kufikia mahali ambapo hakuna mtu atakayelazimika kuandika programu. Huyo ni mkubwa wa Nvidia, kampuni inayouza vipuri vinavyotumiwa kuendesha akili bandia. Mwezi wa Machi 2025, Dario Amodei, mkubwa wa kampuni ya Anthropic inayouza akili bandia, alisema kwamba katika miezi 3 mpaka 6 akili bandia itakuwa inaandika asilimia 90 ya programu. Miezi 6 ilipita, na kampuni nyingi duniani ziliendelea kulipa watu kwa kazi hiyo. Hatusemi kwamba wakubwa hao wanasema uongo. Tunasema kwamba muuzaji wa mbegu hawezi kuwa shahidi wa pekee wa mavuno.

Kampuni ya Klarna ya Sweden inaonyesha vizuri umbali kati ya tangazo na kazi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilitangaza kwamba mashine yake inafanya kazi ya watu 700 wanaojibu wateja. Mwaka 2025, mkubwa wake Sebastian Siemiatkowski alikubali kwamba ubora wa huduma ulishuka, na kampuni ikaanza kutafuta watu tena. Tangazo la kwanza lilizunguka dunia. La pili, wangapi walilisoma?

Kuna mahali ambapo kuamini mashine kupita kiasi kuliharibu maisha ya watu. Nchini Uingereza, ofisi za posta zilitumia programu ya hesabu inayoitwa Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu. Programu ilionyesha kwamba pesa zinapotea. Kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa posta zaidi ya 900 walihukumiwa kama wezi. Wengine walifungwa, wengine walipoteza nyumba. Walipolia kwamba ordinatere inakosea, hawakusikilizwa. Mwezi wa Desemba 2019 mahakama kuu ilithibitisha kwamba programu ilikuwa na makosa, na mwaka 2024 bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo.

Ndugu msomaji, mambo hayo hayako mbali nasi. Mwaka 2020 serikali yetu ilileta RAM, mfumo wa kuandikisha telefone. Tuliambiwa utapambana na telefone za bandia na wizi. Wakaaji waliona inite zao zikikatwa, wakauliza pesa inakwenda wapi na telefone ngapi zilizoibiwa zimerudi. Maswali hayo yalifika mpaka bungeni, na mwaka 2022 makato yakaondolewa. Mwaka 2018 ilikuwa mashine ya kupigia kura, iliyotengenezwa na kampuni ya Miru ya Korea Kusini. Waliokuwa na mashaka waliiita « machine à voler », yaani mashine ya kuiba. Tume ya uchaguzi ilisema ni chombo cha kuchapisha tu. Swali la nani amekagua programu iliyo ndani halikupata jibu lililotuliza watu, na mpaka leo watu wanalikumbuka. Raia hawakuwa na diploma ya informatike, lakini waliuliza maswali yaleyale ya mafundi.

Hatari kubwa kwetu leo ni ya vijana. Katika vyuo vya miji yetu, kuanzia ISIG ya Goma, kuna wanafunzi wa informatike ambao wazazi wao wanauza mihogo, mafuta ama nguo ili kulipa masomo. Kijana anaposoma kila asubuhi kwamba kazi yake imekwisha kabla hajaianza, anaweza kuacha. Baba anaweza kusema: « Pesa yangu inapotea bure. » Uamuzi kama huo haupaswi kutegemea tangazo la kampuni inayotafuta wanunuzi.

Kazi ya programu itabadilika, hilo hatulikatai. Kijana anayetaka kubaki katika kazi hiyo ajifunze pia kutumia akili bandia na kukagua inachoandika. Lakini tazama mahitaji yetu. Katika Goma, ambako banki zilifunga milango mwezi wa Januari 2025, watu wanategemea pesa ya telefone kununua chakula na kulipa matibabu. Mfumo kama huo unapokwama, anahitajika mtu anayejua unavyofanya kazi, na anayejua kwamba hapa umeme unakatika na mega ni ghali. Mtu huyo hatashuka kutoka California.

Mashaka nayo yana mipaka. Mwaka 2001 Apple ilipotoa iPod, mtaalamu mmoja aliyesomwa sana aliidharau kwa sentensi chache. Iliuzwa kwa mamia ya mamilioni. Anayekataa kila kitu anakosea sawasawa na anayekubali kila kitu. Mashaka mazuri yanaishia kwenye jaribio: kifaa kinawekwa mezani, kinapewa kazi, matokeo yanapimwa.

Kwa hiyo sisi wa vyombo vya habari tuwe na desturi mpya. Kabla ya kutoa habari ya teknolojia, tuulize: nani amejaribu kitu hiki mbali na anayekiuza? Kinashindwa wapi, na mara ngapi? Watu gani wako nyuma ya mashine? Swali hilo la mwisho lina uzito kwa Afrika. Mwaka 2023 gazeti la Time lilionyesha kwamba wafanyakazi wa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili kusoma maandishi machafu na kusaidia kusafisha akili bandia ya OpenAI. Tangazo halikuwataja.

Kisha tumpigie simu mtu wa informatike wa muji wetu, tumuulize anaonaje. Wako wengi, na mara nyingi hakuna anayewauliza. Serikali na mashirika yanayonunua programu kwa pesa ya raia yafanye vilevile, tena kabla ya kutia sahihi. Fundi akisema « ngoja kwanza tujaribu », asionekane kuwa adui wa maendeleo. Mara nyingi ni yeye atakayeamshwa usiku mfumo ukianguka, na ni sisi tutakaokuwa tumesimama kwenye mustari tukingojea pesa yetu.