Musa Si Mgeni wa Mtu

Ipo hoja inayorudiwa mno katika mijadala yetu ya Kiswahili, nami nimechoka kuinyamazia. Inadai kwamba majina ya watu wa pwani ni ya Kiarabu, kwamba anayeitwa Musa amebeba jina la wageni, na kwamba Mwafrika halisi angejiita vingine. Wanaoitoa huiegemeza kwenye methali yetu wenyewe: mwacha asili ni mtumwa. Naipinga hoja hiyo kwa jina hilohilo la Musa, tena kwa kuitazama pwani tunayoisahau kila tunapowataja Waswahili: ile ya kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji, kutoka mdomo wa Mto Ruvuma hadi visiwa vya Rongui na Vamizi, ambako Kiswahili kinaishi pamoja na Kimwani na Kimakwe.

Tuanze na hiyo asili, maana ndiyo wanayoidai. Musa halikuzaliwa katika Kiarabu. Waarabu walilipokea kama tulivyolipokea sisi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 2, kinasema binti Farao alimwita mtoto jina hilo kwa sababu alimtoa majini, na Kiebrania hulihusisha na kitenzi chake cha kutoa au kuvuta. Wanaisimu wengi wanakwenda mbali zaidi. Wanaona ndani yake neno la Kimisri cha kale lenye maana ya kuzaliwa, lilelile lililomo katika majina ya mafarao kama Thutmose na Ahmose. Wakiwa sahihi, basi chimbuko la jina hili ni kandokando ya Mto Nile, barani Afrika. Anayetaka kulifukuza Afrika kwa jina la asili anamfukuza mwenye nyumba.

Nitajibiwa kwamba jina lilifika kwetu kwa njia ya Uislamu, na kwamba wapo walioacha majina ya ukoo wao ili waonekane waungwana. Ni kweli, na historia hiyo haifai kufichwa. Lakini njia si asili. Mansa Musa, mfalme wa Mali aliyekwenda kuhiji Makka mwaka 1324, hakuwa Mwarabu. Maimonides, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliitwa Musa bin Maimun na waliomsoma kwa Kiarabu. Qurani inamtaja Musa zaidi ya mara 130, kuliko mtume mwingine yeyote. Biblia ya Kiswahili iliyoenea zaidi nayo inamwita Musa. Lugha yetu imetenganisha Yesu na Isa, imetenganisha Yohana na Yahya, lakini Musa kwa wengi haikumgawa. Wakristo wengi na Waislamu wanamsoma kwa herufi zilezile nne. Hazina hiyo ndiyo tunayotaka kuitupa kwa kuiita ya kigeni?

Kireno kiligawa. Katika hati za Msumbiji, Moisés husomwa kuwa Mkristo na Mussa kuwa Mwislamu. Chini ya mfumo wa kikoloni uliofutwa mwaka 1961, Mwafrika alihesabiwa raia pale tu alipokubaliwa kuwa ameishika mienendo ya Kireno. Jina la Kireno likawa sehemu ya ustaarabu huo. Hata hivyo, nchi yenyewe inaukana mgawanyo huo. Inasimuliwa kwamba jina Moçambique limetokana na Musa bin Mbiki, sheikh wa Kisiwa cha Msumbiji wakati Wareno walipofika mwaka 1498. Chuo kikuu kimoja cha Nampula kinaitwa Mussa Bin Bique. Na aliyeutangaza uhuru tarehe 25 Juni 1975 alikuwa Samora Moisés Machel. Nchi inayosemwa kuwa ya Musa ilitangaziwa uhuru na Moisés. Nani hapo mgeni?

Wapo pia wenzetu wanaopenda tahajia kuliko watu. Wao wakiona Mussa kwa s mbili husema Wareno wameliharibu jina, lisahihishwe. La hasha! Katika Kireno, s moja katikati ya irabu hutamkwa z; casa husomwa kaza. Kwa s moja, Musa angegeuka Muza. S ya pili ililinda sauti, kama inavyoilinda katika Issufo. Kinachoitwa kosa ni ulinzi.

Jambo hili si la darasani tu. Ukoo mmoja unaweza kuwa na Musa upande wa Mtwara na Mussa upande wa Palma, na karani asiyejua sababu ya ile s akaona watu wawili, au akaona hati ya kughushi. Tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na ya Palma mwezi Machi 2021, watu wengi wa pwani hii wamekimbia, wengine bila kipande cha karatasi. Aliyepoteza hati amebaki na jina lake mdomoni. Akilitaja, anayemsikiliza huweza kusikia jirani, na huweza kusikia adui. Sisi tunaofundishwa lugha tunachangia kuamua atasikia nini. Kila tunapoandika kwamba Musa ni jina la “wale”, tunampa mwenye shaka ushahidi wa bure.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu na wanafunzi wenzangu: tunapofanya utafiti wa majina, tuache kuuliza jina hili ni la nani, kana kwamba majina ni mashamba yenye hati. Tuulize limepita wapi, limetamkwaje, na anayeitwa hivyo anamaanisha nini. Mwacha asili ni mtumwa, nakubali. Lakini anayemnyang'anya mwenzake asili kwa kutojua hesabu za historia, huyo tumwiteje?