Kamera ya nyumbani inapoangusha mtandao wa simu

Mwaka 2016 wateja wa kampuni ya simu ya Lonestar MTN nchini Liberia walikosa intaneti mara kwa mara. Hakuna waya uliokatwa wala mnara ulioanguka. Muingereza mmoja, Daniel Kaye, alilipwa na ofisa wa kampuni shindani auvuruge mtandao huo. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miaka miwili na miezi minane.

Silaha yake ilikuwa kamera za ulinzi za watu wasiomjua. Programu aina ya Mirai huingia kwenye vifaa hivyo kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani, kisha huviamuru vyote vitume maombi kwa pamoja. Mtandao huelemewa, kama mlango uliosongwa na umati hadi mwenye haja hapiti.

Kampuni za simu zina wajibu wa kuchuja mafuriko hayo. Lakini chanzo chake kimo majumbani mwetu. Visiwani, fedha ya matumizi na ya mgonjwa hupitia simu. Badilisheni leo neno la siri la kamera na la ruta. Tumeshajua, udhuru wa kutojua haupo tena.