Maji ya Mto Pangani Hayapotei Baharini

Kuna sentensi ninayoisikia tangu utotoni, darasani, kwenye taarifa ya habari, kwenye baraza la kahawa: "Maji mengi mno yanaingia baharini bure." Anayeisema huwa na uchungu wa kweli, kama mtu anayeona chakula kikimwagwa. Kila ukame unapokuja na mgao wa umeme, kama ule wa 2006, wa 2011 na wa 2022, sentensi hurudi na nguvu mpya, na hakuna anayeihoji. Mimi naipinga bila kumung'unya maneno. Sentensi hiyo imeua minazi ya babu yangu.

Shamba lilikuwa ukingo wa kusini wa Mto Pangani, ukipanda na mtumbwi kutoka Bweni mpaka mji usionekane tena nyuma yako. Minazi ilikuwa juu, mpunga bondeni. Nilipokuwa mdogo, maji yakipwa tulichota mtoni maji ya kupikia. Leo, mwezi wa pili, kaskazi ikivuma siku za bamvua, ukiyatia mdomoni maji ya pale pale unayatema. Minazi haikufa siku moja. Vidaka vilianza kupukutika kabla ya kuwa vitale, makuti yakageuka manjano, halafu vilele vikadondoka kimoja baada ya kingine, yakabaki magogo yamesimama kama nguzo za umeme ambazo hazijatiwa waya. Mnazi huvumilia upepo wa chumvi, ndiyo maana unaota pwani, lakini mizizi yake inataka maji baridi.

Mlangoni kwa mto, maji baridi na maji ya chumvi husukumana kila siku. Bahari ikijaa huingia mtoni, na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito hupita chini, yakitambaa juu ya tope kuelekea bara. Kinachoyazuia ni uzito wa mto unaoshuka. Wakati wa masika mto hushinda na kuitoa chumvi nje kabisa, mpaka maji yanakuwa mekundu mbali baharini. Kiangazi bahari hupata nafasi. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na wakulima wa kando ya mto walipanga kilimo chao kwa mwendo huo, wakijua chumvi itafika wapi na itaondoka lini. Siku hizi inafika mbali zaidi na inakaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mto umepungua nguvu. Maji yale tuliyoambiwa yanapotea yalikuwa na kazi yake: yalikuwa ukuta.

Tena yalikuwa na mzigo. Mto hubeba udongo na mchanga kutoka milimani na kuutua pwani, na mchanga huo ndio unaolisha fukwe ambazo mawimbi yanazila kila msimu. Hubeba pia rutuba inayolisha mikoko, mikandaa na misinzi ya ukingoni, na katika mizizi ya mikoko hiyo ndipo kamba wadogo wanapokulia kabla ya kwenda baharini kuwa kambamiti. Mvuvi anayeuza kamba pale sokoni anauza maji ya Kilimanjaro, hata kama hajawahi kuuona mlima wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikaa kwenye semina ya wadau wa maji. Mtaalamu alituonyesha mchoro wa bonde zima: mshale kwenda mashambani, mshale kwenda kwenye mitambo, mshale kwenda mijini, na wa mwisho, mnene, ukielekea baharini. Juu ya ule wa mwisho paliandikwa "upotevu". Mzee mmoja mvuvi akanyoosha mkono. "Mwanangu," akasema, "hapo ulipoandika upotevu ndipo nyumbani kwangu." Mtaalamu akamjibu kwa adabu kabisa, "Nimekuelewa, mzee wangu," kisha akaenda kwenye mchoro unaofuata. Neno halikufutwa. Nimekuwa nikiuona mshale ule kila ninapovuka kwa kivuko.

Mto wetu ulianza kuhesabiwa kwa umeme mapema. Kampuni ya kwanza iliyoitwa TANESCO iliundwa 1931, na katika miaka hiyo mitambo ilifungwa kwenye maporomoko ya karibu na Hale ili kupeleka nguvu kwenye mashamba ya mkonge. Kituo cha Hale kikafuata 1964, megawati 21. Bwawa la Nyumba ya Mungu, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, likaanza kutoa megawati 8 mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1995 ukaja mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani, megawati 68, uliojengwa kwa msaada wa Norwei, Uswidi na Ufini. Tangu 2010 umeme wa gridi unavuka kwa kebo chini ya bahari kutoka Tanga mpaka Pemba. Siyadharau haya. Nimesomea kwa taa hizo, na shangazi yangu amejifungulia chini ya taa hizo.

Ila tazama lile neno "upotevu" lilivyosafiri. Mitambo ilipohitaji maji zaidi, lawama zilipanda mlimani. Wakulima wa Kilimanjaro na Meru, ambao mababu zao walichimba mifongo na kuitunza kwa zamu na kwa sheria zao wenyewe, wakajikuta wanatajwa kuwa wanapoteza maji ambayo yangezungusha mashine. Ofisi ya bonde iliyoanzishwa 1991 ikaja na vibali na ada. Kwa hiyo maji yakienda kwenye mgomba wa Mchagga, yamepotea. Yakienda kwenye mkoko wa Pangani, yamepotea pia. Hayapotei yakiwa tu katikati, ndani ya bomba la mtambo. Huo ni uamuzi kuhusu nani anahesabika, nao umevikwa joho la hesabu za maji.

Najua jibu la wahandisi, na ni jibu lenye haki ya kusikilizwa: mtambo haunywi maji. Yanaingia juu, yanatoka chini, na mto unaendelea na safari. Ni kweli, na wanaovuta maji mengi zaidi ni mashamba ya umwagiliaji, na miji ya juu inayokua nayo inavuta. Ukame na bahari inayopanda navyo vina mkono wao. Sisemi bwawa peke yake lilikula minazi. Lakini jibu hilo linaacha mambo mawili. Nyumba ya Mungu ni ziwa pana lililotandazwa kwenye uwanda mkavu wenye jua kali, na maji yanayopanda hewani pale hayarudi mtoni. La pili ni kubwa zaidi. Kazi ya bwawa ni kulainisha mto: kuyazuia mafuriko na kuyagawa taratibu mwaka mzima, kwa sababu mashine inapenda maji yasiyobadilika. Mto haukuishi hivyo. Kinamasi cha Kirua, chini ya bwawa, kilikuwa kinafurika na kuwapa watu samaki na malisho; mafuriko yalipozuiwa kikasinyaa. Na huku kwetu ni yale yale mafuriko yaliyokuwa yanaifukuza chumvi na kuleta tope jipya. Ukipima maji ya mwaka mzima kwa jumla yake, unaweza kusema hayakupungua sana, na bado mto ukawa umekufa mlangoni, kwa kuwa maji hayakuja siku yaliyohitajika.

Sasa nije kwenye kinachonifanya niandike leo, wala si miaka ishirini iliyopita. Zamani, mtu aliyetetea mlango wa mto alikuwa anaulizwa swali gumu: je, tukae gizani? Dunia imelibadilisha swali hilo. Mwaka 2024 peke yake, nchi za dunia ziliongeza mitambo ya nishati jadidifu yenye uwezo wa takribani gigawati 585, na zaidi ya robo tatu yake ilikuwa ya jua. Umeme wa maji ulikuwa sehemu ndogo sana ya nyongeza hiyo. Dubai, Desemba 2023, mataifa yalikubaliana kuuzidisha uwezo wa nishati jadidifu mara tatu ifikapo 2030. Kenya wana mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana, megawati 310. Kwetu, Kishapu mkoani Shinyanga, kuna mradi wa jua uliopangwa kufika megawati 150. Ukanda wa Tanga na Pangani una jua la mwaka mzima, na paa za bati tele.

Wapo wanaochukua habari hiyo njema na kuifunga kamba moja: jadidifu ni safi, maji ni jadidifu, basi bwawa lolote ni jema. Hapa ndipo imani ya zamani inapojificha katika nguo mpya. Maneno "nishati jadidifu" yanasema tu kwamba chanzo hakiishi. Hayasemi nani amelipa. Paneli ya sola juu ya paa la dispensari haimnyimi jirani jua. Maji yakizuiwa juu, wa chini anayakosa siku hiyo hiyo.

Piga hesabu ya mto wetu. Hale 21, Nyumba ya Mungu 8, Maporomoko ya Pangani 68: jumla megawati 97, zikiwa zote zinafanya kazi kwa ukamilifu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Vituo vyote vitatu vya bonde la Pangani havifikii nusu ya mtambo mmoja kati ya hiyo tisa. Na mnamo Machi 2024, baada ya mtambo wa kwanza wa Rufiji kuwashwa, tulitangaziwa kwamba baadhi ya vituo vya umeme wa maji vimezimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Nilipoisikia taarifa hiyo nilisimama. Kwa miaka zaidi ya hamsini tumeambiwa taifa haliwezi kuachia tone la mto huu. Kumbe siku inakuja ambayo taifa linaweza kuzima mashine na maisha yakaendelea.

Basi nasema hivi: kila megawati ya jua inayoingia kwenye gridi iulipe mto sehemu yake. Mchana jua likiwaka, mabwawa yapumzike na kutunza maji. Akiba hiyo iachiwe msimu ambao mlango wa mto unaihitaji, tena iachiwe kwa utulivu, isiwe kufungua jioni na kufunga alfajiri kwa ajili ya taa za mjini, maana mto unaopanda na kushuka ghafla huwaumiza samaki na huvunja kingo. Siombi Hale ivunjwe. Naomba iache kuwa bwana wa mto iwe mmoja wa watumiaji wake.

Sheria iko upande wetu. Sera ya Maji ya 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zimeweka maji ya kunywa na ya nyumbani kwanza, kisha maji ya kuuhifadhi mto wenyewe na viumbe vyake, na matumizi mengine yote, umeme ukiwemo, yafuate. Hakuna mbunge anayehitaji kutunga kitu kipya. Kinachoikwamisha sheria ni ile sentensi kichwani mwa anayeitekeleza, kwa sababu huwezi kumlindia mtu haki ya kitu unachoamini ni upotevu.

Nina hofu kubwa zaidi kwa ndugu zetu wa Rufiji. Delta yao ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, na kambamiti wao wanajulikana nchi nzima. Juu yao sasa kuna bwawa la megawati 2,115, ambalo mtambo mmoja wake unatuzidi sisi sote mara mbili. Mafuriko ya 2024 yalizamisha mashamba yao na kuwatoa watu majumbani, na katika hasira ile ni rahisi kukubali kwamba maji yote ya mto ni adui wa kuzuiwa. Wasikubali. Waulize mapema, bwawa likiwa bado jipya, maji kiasi gani yatafika mikokoni, miezi gani, na nani atayapima. Sisi hatukuuliza. Tumebaki kujenga ukuta wa mawe ufukweni Pangadeco kuzuia bahari.

Tunachodai huku chini kinaweza kuandikwa kwenye kipande cha ubao. Kiwekwe kipimo cha maji baada ya mtambo wa mwisho, na kingine cha chumvi katikati ya mto. Kila wiki namba mbili zisomwe: mita za ujazo ngapi kwa sekunde zimetoka kwenye mtambo huo, na chumvi imepanda mpaka kijiji gani. Ubao usimamishwe pale kivukoni, upande wa mjini na upande wa Bweni, ambapo muuza nazi, mwanafunzi na mkuu wa wilaya wote husubiri chombo kimoja. Na pembeni ya namba hizo iandikwe ya tatu, kiwango ambacho mto haupaswi kushuka chini yake mwezi wa pili, ili mkulima anayevuka akiwa na miche ya minazi mkononi ajue kabla ya kuchimba shimo.