Kabla ya Turbo, Nionyeshe Breki

Najua nikisema hii wasee wengine wataacha kunifuata, lakini wacha niseme tu.

Jumapili mchana nilikuwa Kenyatta Market na mabeshte watatu. Kama hupajui, huku ni nyama choma, kule ni wasusi, na kabla ufunge mlango wa gari kuna dada ashakuuliza unasuka nini leo. Tumekaa tunangoja kilo yetu ya mbuzi, mara ikaingia Subaru Impreza ya buluu, rimu za dhahabu, ekzosi imekatwa. Jamaa amesimama hapo hapo, lakini anakanyaga mafuta. Paa! Paa! Paa! Wasusi wakaacha nywele mkononi. Mtoto mmoja akaanza kulia. Kwa meza yetu, simu zote zikawa juu.

Hata mimi nilitoa yangu. Halafu nikairudisha mfukoni.

Mwaka jana tulikuwa Southern Bypass usiku. Binamu yangu alikuwa abiria kwa gari ya rafiki yetu. Hiyo gari ilikuwa imefanyiwa kazi: turbo kubwa, programu mpya ya injini, pesa ambayo jamaa aliweka akiba karibu mwaka mzima. Breki zilikuwa zile zile ilikuja nazo kutoka Japani, pedi zimekwisha, tairi za mtumba. Mimi nilikuwa gari ya nyuma narekodi, nikipiga nduru, "Ongeza! Ongeza!" Mbele kulikuwa na lori limesimama bila taa. Dereva aliliona. Alikanyaga breki. Gari ikaendelea tu.

Binamu yangu alilala hospitali wiki sita, na mpaka leo mguu wake wa kushoto una vyuma. Ile video sijawahi kuiweka popote. Pia sijaifuta, kwa sababu sauti inayosema "ongeza" ni yangu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: gari ya spoti inaanza na kusimama. Hesabu yenyewe ni rahisi. Ukitoka 60 ukaenda 120, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini nguvu ambayo breki inatakiwa kumaliza imeongezeka mara nne. Sasa wewe umeongeza farasi kwa injini na hujaguza pedi, diski, wala tairi. Hapo umejenga nini?

Na msiniambie eti huu ndio utamaduni wetu wa magari. Utamaduni wetu tunaujua? Safari Rally ilianza 1953, na sifa yake ilikuwa kwamba kufika mwisho pekee ni ushindi. Joginder Singh aliishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Mwaka wa 1993 Patrick Njiru aliingia na Subaru Vivio, kagari kadogo ka injini ya 660cc, akamaliza na akashinda kundi lake. Mwaka huo huo Colin McRae, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1995, alikuwa na Vivio pia, akikimbia kama mshale. Hakumaliza. Msee wetu alijua kuitunza gari mpaka mwisho. Hiyo ndiyo Subaru ya kujivunia, si ya kutisha watoto kwa soko.

Najua mtasema, "Buda, tukimbizie wapi sasa?" Ni swali la haki. Uwanja wa Whistling Morans uko Athi River, lakini si kila mtu ana pesa ya kiingilio, helmeti, na mafuta ya kwenda na kurudi. Nakubali. Ila pesa ya ekzosi tulipata. Pesa ya rimu tulipata. Tukichanga watu wanne, siku moja ya uwanja haitushindi. Na kama unataka tu kuangaliwa, peleka gari Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, majaji waikague mpaka chini. Hakuna atakayeumia.

Kwa barabara, kuna mtu mwingine kila wakati. Nchi hii inapoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali, na kundi kubwa zaidi ni wanaotembea kwa miguu. Simama Mbagathi Way jioni uone wanaovuka: mama ametoka kusukwa, fundi anarudi Kibera, mwanafunzi na begi. Hakuna hata mmoja aliyekubali kushindana na wewe.

Nilimwendea yule jamaa wa Impreza. Nikamsifu, kwa sababu kusema ukweli gari ni safi. Nikamuuliza pedi alibadilisha lini. Akacheka. "Hizo nitaangalia mwezi ujao."

Singemhukumu. Mwaka jana jibu langu lingekuwa hilo hilo, na ningecheka naye.

Lakini kwangu mambo yamebadilika. Mbio za barabarani sirekodi tena, hata kama mnataka sana. Uwanjani nitakuja. Kwa fundi nitakuja, tena nitashika spana. Na kama unataka gari yako ionekane hapa, sitaki kuskia ekzosi. Toa gurudumu, nitumie picha ya breki.