Tuanze na Vitabu Visivyong'aa

Anayeanza kukusanya vitabu vya safari za anga za juu aghalabu hukimbilia sahihi. Hutafuta nakala iliyotiwa wino na mtu aliyekanyaga Mwezi, na wauzaji wanamjua vizuri: mstari mmoja wa kalamu hupandisha bei ya kitabu mara kadhaa. Lakini sahihi nyingi za zama za Apollo ziliandikwa na mashine, kwa kuwa barua za mashabiki zilizidi nguvu za mkono. Neil Armstrong mwenyewe aliacha kuwatilia watu sahihi katika miaka ya 1990, alipoona zinageuzwa biashara, na waghushi wakapata soko. Toleo hili lote ni la vitabu vya anga, na halina ukurasa wa bei. Tumekusudia.

Simbezi apendaye jalada zuri. Carrying the Fire cha Michael Collins, kilichotoka 1974, kinastahili sifa zake zote. Collins alikiandika mwenyewe bila mwandishi wa kukodi, na msomaji anaona. Ila kitabu hicho hakitapotea, maana kimechapwa na kuchapwa tena. Vinavyopotea ni vile visivyong'aa: ripoti za serikali, miongozo ya mafundi, taarifa zilizojaa majedwali, vitu ambavyo maktaba huviondoa rafuni kwa sababu miaka imepita hakuna aliyeviazima. Mkusanyaji wa kwetu na aanze na hivyo.

Chukueni ripoti ambayo NASA iliitoa mwaka 1962 kuhusu safari ya John Glenn ya tarehe 20 Februari mwaka huo. Ni kitabu kikavu, cha vipimo vya joto, mapigo ya moyo na mafuta yaliyobaki. Lakini ndani yake yamo mazungumzo ya redio ya safari nzima, kituo kwa kituo, na kituo kimojawapo ni Zanzibar. Mitambo ilikuwa Tunguu, sehemu ya mtandao wa kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury uliouzunguka ulimwengu. Kwa muda usiofika saa 5 Glenn aliizunguka dunia mara 3, na alipopita upande wetu, waliomwita redioni na kumuuliza hali yake walikuwa wameketi Unguja.

Ripoti haisemi, wala haikuwa kazi yake kusema, kwamba kisiwani wapo waliosadiki kuwa mitambo ile ni ya makombora, na kwamba suala hilo lilikuwa moto katika siasa za kudai uhuru. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya iliamuru kituo kiondolewe, na mwaka huohuo kikafungwa. Habari hizo utazipata kwa Don Petterson, aliyekuwa ofisa wa Marekani Unguja wakati wa Mapinduzi. Kitabu chake kilitoka 2002, na wauza vitabu hukiweka kwenye siasa, mbali kabisa na roketi. Viweke viwili hivi ubavu kwa ubavu. Kimoja kinajua masafa ya redio, kingine kinajua kilichokuwa kikisemwa nje ya uzio, na hakuna sahihi itakayokupa hayo.

Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mambo ni hayohayo. Waitaliano chini ya Luigi Broglio waliweka majukwaa baharini, na setilaiti zikarushwa kutoka hapo kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, iliruka setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, ikapewa jina la Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Katalogi ya nne ya Uhuru inaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, tarakimu juu ya tarakimu. Mimi ningeipa rafu ya juu kuliko nakala yoyote yenye wino wa mwanaanga.

Halafu kuna vitabu vilivyokosea, ambavyo navyo havithaminiwi ipasavyo. The Conquest of Space cha mwaka 1949 kina michoro ya Chesley Bonestell yenye milima ya Mwezi iliyochongoka. Picha za Apollo zilionyesha vilele vya mviringo. Kabla ya Julai 1965, Mariner 4 ilipopita karibu na Mirihi na kupiga picha 21 za jangwa lenye mashimo, waandishi makini walikuwa wakijadili uwezekano wa mimea huko. Kitabu cha 1964 kinachoeleza mimea ya Mirihi msikitupe: kinaonyesha wasomi waliamini nini muda mfupi tu kabla ya kujua.

Kwa hiyo tunawaomba. Kama mzazi au babu alifanya kazi Tunguu, Ngomeni, au Shaba ambako kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi zake mwaka 1977 na 1978, fungueni makabati. Kijitabu cha mafunzo, kitambulisho cha kazi, hata orodha ya zamu, msiviache vikafungiwe karanga. Viandikeni nyuma kwa penseli vilikotoka na mwaka wake, msivibandike selotepu, viwekeni mbali na unyevu na mchwa, kisha mtuandikie. Toleo lijalo tumeacha kurasa wazi kwa ajili yake.