Sahihi Isiyo Sahihi

Kiswahili kina utani wake. Neno tunalolitumia kwa maana ya jambo la kweli ndilo hilo hilo tunalolitumia kwa alama ya mkono ambayo mtu huitia mwishoni mwa hati. Sahihi ni sahihi, ndivyo lugha inavyotuhakikishia. Majuzi hapa mjini Eldoret nilikutana na sahihi iliyonifanya nisite kuiamini lugha yangu mwenyewe.

Katika kibanda kimoja cha vitu vikuukuu palikuwa na santuri za zamani, zile ndogo zenye wimbo mmoja kila upande, zikiuzwa shilingi 200 kila moja. Moja ilikuwa imetengwa. Ilikuwa 'Malaika' yake Fadhili William, na juu ya jalada lake la karatasi palikuwa na jina la mwanamuziki huyo kwa wino wa buluu. Bei yake ilikuwa shilingi 4,000. Muuzaji, mzee mwenye ulimi mtamu, alinieleza kwamba ilitiwa sahihi usiku wa dansi mwaka 1964, ikiwa ingali mpya. Nakiri nilitamani sana hadithi hiyo iwe kweli.

Rafiki niliyefuatana naye alishawishika mara moja kwa sababu mwandiko ulikuwa mzuri. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo wengi wetu tunapopotea. Mwenye jina huandika jina lake upesi, bila kulifikiria, na kalamu hukolea hapa na kufifia pale. Mwigaji huchora. Mstari wake huwa na unene ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, na kalamu hutua mahali ambapo haikuwa na haja ya kutua. Fauka ya hayo, sahihi mbili zinazolingana nukta kwa nukta zapaswa kututia wasiwasi zaidi ya zile zinazotofautiana kidogo, maana hakuna mtu anayeliandika jina lake mara mbili kwa namna moja kabisa. Hata hivyo mkono wa mgonjwa au mzee nao hutetemeka, kwa hiyo dalili hizi pekee hazitoshi kumhukumu mtu.

Kilichonisaidia ni mkunjo. Jalada lile lilikuwa limekunjwa katikati, tena kwa miaka mingi, na herufi za mwisho za jina zilipita juu ya mkunjo huo. Wino ulioandikwa kabla ya karatasi kukunjwa aghalabu hupasuka pamoja nayo. Ulioandikwa baadaye hunywewa na ufa, ukasambaa katika nyuzi zilizokwisha kuvunjika. Huu ulikuwa umesambaa. Basi jina liliandikwa karatasi ikiwa imekwisha kuchakaa. Je, ni ghushi? La, bado. Fadhili William aliishi hadi mwaka 2001, na hakuna cha kumzuia mtu kutia sahihi kwenye santuri yake ya zamani. Kilichoanguka ni ile hadithi ya usiku wa dansi.

Wala kutoka mikononi mwa watu wa karibu si dhamana. Katika miaka ya 1960, Neil Aspinall na Mal Evans, wasaidizi wa kundi la Beatles la Uingereza, waliandika mara nyingi majina ya wanamuziki hao kwa niaba yao. Shabiki alipokea karatasi kutoka kwa kundi lenyewe, lakini mkono haukuwa wao.

Na tuseme sahihi ile ni ya Fadhili kweli; ingethibitisha nini? Yeye aliurekodi 'Malaika' mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya mwaka 1965, na Boney M. wakafuata mwaka 1981. Adam Salim wa Tanzania naye alidai kwamba yeye ndiye mtunzi, na ubishi huo haujazimika. Jina juu ya jalada laweza kuwa la mkono wake na lisitueleze lolote kuhusu nani aliyeutunga wimbo.

Sisi wa fasihi tumeyazoea haya. Mwana Kupona alijitaja ndani ya utendi wake na kuutaja mwaka, 1275 Hijria, yaani 1858. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, hakutuachia diwani yenye sahihi yake: tungo zake zilikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, na Hichens akazichapisha mwaka 1940. Tunazihukumu kwa Kimvita chake na kwa matukio ya Mombasa ya wakati wake.

Ila kwa Fadhili, mtu wa juzi tu, sikupata kipimo. Niliwauliza walimu wawili na mkusanyaji mmoja wa santuri: hakuna aliyekuwa na barua yake wala mkataba. Ndiyo maana napendekeza kwamba kila mwanafunzi wetu anayekwenda kumhoji mtunzi au mwanamuziki aombe mwandiko wake, wenye tarehe, mahali na shahidi, na auhifadhi maktabani pamoja na tasnifu. Mhadhiri mmoja amenipinga kwamba tutakuwa tunawapa waghushi kielelezo. Hoja yake ina uzito, lakini waghushi tayari wana picha tele kwenye intaneti. Anayekosa kielelezo ni yule anayetaka kuhukumu kwa haki. Mwandiko wenyewe na ufungiwe, na asomaye aandike jina lake.

Nilinunua santuri ya shilingi 200, isiyo na jina la mtu. Ile nyingine ingali kibandani, na mzee ameahidi kuniwekea hadi mwisho wa muhula. Msomaji mwenye barua, risiti au kitabu alichoandikia Fadhili William kwa mkono wake, tafadhali anionyeshe kabla ya hapo.